Draiva 19 zilizosasishwa usiku mmoja: uchambuzi wa laptopu iliyopoteza tachipadi, spika na usingizi

Laptopu yenyewe ni ya Windows 11, prosesa ya Intel ya kizazi cha 11, kadi ya Wi-Fi ya Intel AX201 na chipu ya sauti ya Realtek ALC256. Haikuwa na tatizo lolote. Mwenyewe alipakua programu ya bure inayojinadi kuwa inasasisha draiva, au viendeshi kama wengine wanavyoziita, yaani programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia kila kifaa, kwa kubofya mara moja. Programu ikakagua mashine, ikamletea orodha ya draiva 19 zilizowekewa alama nyekundu kwamba zimepitwa na wakati. Akabonyeza kitufe cha kusasisha zote, akaiacha ikifanya kazi.

Asubuhi tachipadi haikuitika kabisa. Spika za ndani zilikuwa kimya, ingawa hedifoni zilitoa sauti. Na kila alipofunga kifuniko laptopu ikalala, akija kuifungua baada ya muda aliikuta imejizima na kujiwasha yenyewe, au iko kwenye skrini ya bluu iliyoandikwa DRIVER_POWER_STATE_FAILURE. Alizima na kuwasha mara kadhaa, hali ikabaki ileile.

Matatizo matatu yakija pamoja, mtu hufikiri ubao mama umeungua au Windows yote imeoza. Wengi hapo hufuta kila kitu na kuanza upya. Hapa hapakuwa na haja hiyo: vifaa vyote vilikuwa vizima, na kila dalili ilikuwa na draiva yake iliyowekwa mahali pasipo pake. Kazi ilikuwa kuitafuta kila moja kwa kitambulisho cha kifaa chake.

Tarehe zilizomponza

Ushahidi pekee ambao programu ile ilimwonyesha mwenye laptopu ulikuwa tarehe. Draiva kadhaa za Intel zilisomeka 18 Julai 1968. Nyingine, za Microsoft, zilisomeka 21 Juni 2006. Asiyejua akiona tarehe hizo ana kila sababu ya kuogopa, na ndiyo maana inafaa zielezwe vizuri.

Tarehe 18 Julai 1968 ndiyo siku kampuni ya Intel ilipoanzishwa. Intel huiweka makusudi kwenye faili za chipseti, yaani kundi la chipu zinazounganisha prosesa na vifaa vingine. Nyingi ya faili hizo hazina programu ndani yake. Kazi yake ni kuiambia Windows jina la kifaa ili kisibaki na alama ya njano. Kwa kuwa hazina la kufanya, Intel haitaki zishinde draiva halisi pale zinapokutana kwenye kifaa kimoja, kwa hiyo imezipa tarehe ambayo haiwezi kushinda kitu. Tarehe 21 Juni 2006 nayo ni ya Microsoft kwa draiva zinazokuja ndani ya Windows yenyewe. Hata ile iliyotoka na sasisho la mwezi uliopita hubeba tarehe hiyo, ili draiva ya mtengenezaji wa kifaa ionekane mpya zaidi. Cha kusoma ni namba ya toleo iliyo chini yake, ambayo hufuata toleo la Windows.

Windows inapochagua draiva haianzii kwenye tarehe. Kwanza huangalia sahihi ya kidijitali na jinsi kitambulisho kilichoandikwa kwenye faili ya .inf, ile yenye maelekezo ya kusakinisha draiva, kinavyolingana na kitambulisho cha kifaa. Faili inayotaja kifaa pamoja na modeli ya laptopu huishinda faili inayotaja kifaa peke yake. Zikilingana kwa hayo yote, ndipo tarehe hutazamwa, halafu namba ya toleo. Programu ya mbofyo mmoja huupindua mpangilio huu: hutazama tarehe kwanza, kisha hulazimisha.

Kabla ya kugusa draiva yoyote

Kitu cha kwanza kuondolewa ni programu yenyewe, na kuiondoa kwenye orodha ya programu hakutoshi. Programu za aina hii hujiwekea kazi ndani ya Task Scheduler, ratiba ya Windows ya kazi zinazojiendesha, nazo zinaweza kurudi usiku na kurudisha draiva uliyoitoa mchana. Kwenye laptopu hii kazi mbili zilibaki baada ya programu kuondolewa. Zikafutwa kwa mkono.

Tachipadi ikiwa imekufa, kipanya cha USB kinatosha. Asiye nacho atumie kibodi: Windows na X kwa pamoja kisha M hufungua Device Manager, yaani orodha ya vifaa vyote vya mashine, mishale hutembea kwenye orodha, na Shift+F10 hufanya kazi ya kitufe cha kulia.

Kuhusu kule kuzima na kuwasha: tangu Windows 8 kuna Fast Startup, ambayo ikiwa imewashwa, ukibonyeza Shut down kiini cha Windows hakizimwi. Kinahifadhiwa kwenye diski pamoja na draiva zake, kisha kinarudishwa vilevile. Mwenye laptopu alidhani anaanza upya, kumbe alikuwa anaamsha hali ileile ya jana. Katika kazi ya draiva tumia Restart kila mara, au shikilia Shift unapobonyeza Shut down.

Njia mbili za mkato zilijaribiwa, zote zikagoma. Amri `rstrui`, inayorudisha Windows kwenye hali ya siku za nyuma, ilionyesha hakuna hata sehemu moja ya kurejesha, kwa sababu ulinzi wa mfumo ulikuwa umezimwa kwenye diski C. Kitufe cha Roll Back Driver, cha kurudisha draiva ya awali, kilikuwa kimefifia kwenye Serial IO (njia za Intel zinazounganisha tachipadi na prosesa) na kwenye sauti. Kitufe hicho hufanya kazi pale tu Windows inapokumbuka draiva iliyotangulia kwenye kifaa hicho; kwenye viwili hivyo programu ile iliondoa ya zamani kwanza ndipo ikaweka mpya, hivyo hakuna kumbukumbu iliyobaki. Kwenye Wi-Fi peke yake kitufe kilikuwa hai.

Kisha ikachukuliwa nakala ya draiva zote kama zilivyo, mbovu na nzima. Hata hali mbovu ina thamani, kwa kuwa bado ina mtandao unaofanya kazi. Kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kama msimamizi:

`mkdir D:\nakala`
`pnputil /export-driver * D:\nakala`
`pnputil /enum-drivers > D:\orodha.txt`

Folda lazima iwepo kabla ya amri ya pili, la sivyo hukataa. Orodha ya amri ya tatu hutaja kila draiva iliyoongezwa kwa jina kama oem57.inf, pamoja na jina lake la asili, mtoaji, aina na toleo. Hilo jina la oem ndilo litakalotumika kuiondoa.

Ramani ya usiku ule ilitoka kwenye faili ambayo wengi hawajawahi kuifungua: `C:\Windows\INF\setupapi.dev.log`. Ni maandishi matupu, hufunguka kwa Notepad. Kila usakinishaji huanza na mstari wenye `>>>` pamoja na kifaa, tarehe na saa, na huisha na `<<<`. Palipo na hitilafu huwekwa `!!!`. Kutafuta tarehe ya jana na alama hizo tatu kulionyesha kwamba kati ya draiva 19, nyingi zilikuwa zile za chipseti zisizo na athari. Zilizobadilisha kitu kweli zilikuwa chache, na tatu kati yake ndizo zilizolingana na malalamiko.

Tachipadi: kifaa kizima, njia mbovu

Kwenye Device Manager, chini ya Human Interface Devices, kifaa kilichoandikwa I2C HID Device kilikuwa na alama ya njano na ujumbe wa Code 10, maana yake kifaa hakiwezi kuanza. Silika ya wengi ni kutafuta draiva ya tachipadi. Lakini draiva ya kifaa hicho ilikuwa ya Microsoft, yenye tarehe 21 Juni 2006, na haikuwa imeguswa. Ile iliyoonekana kongwe ndiyo iliyokuwa salama.

Kosa lilikuwa ngazi moja juu. Ukifungua menyu ya View na kuchagua Devices by connection, orodha hupangika kwa namna vifaa vilivyoungana, na hapo inaonekana kwamba tachipadi inaning'inia chini ya Intel Serial IO I2C Host Controller - A0E8. Hiyo ndiyo njia inayopitisha data ya vidole kwenda kwenye prosesa. Pembeni yake kuna Intel Serial IO GPIO Host Controller, inayopitisha ule mshtuko mdogo wa kuiambia prosesa kwamba kidole kimegusa. Kumbukumbu ya setupapi ilionyesha I2C ilibadilishwa usiku ule, GPIO ikaishia kwenye `!!!`. Zikabaki na matoleo mawili tofauti, ilhali hutoka kwenye kifurushi kimoja na hutakiwa ziende pamoja.

Kifurushi sahihi kilichukuliwa kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa laptopu. Jina la kibiashara lililobandikwa juu ya kifuniko halitoshi, maana jina moja linaweza kufunika modeli tatu zenye tachipadi tofauti. Majina ya uhakika hutoka PowerShell, dirisha jingine la amri la Windows:

`Get-CimInstance Win32_ComputerSystem | Select Model`
`Get-CimInstance Win32_BIOS | Select SerialNumber`

Namba ya mfululizo ya mashine (serial number) ikiingizwa kwenye ukurasa wa mtengenezaji, orodha inayotoka ni ya mashine hiyo. Kwenye orodha hiyohiyo BIOS, programu ya ubao mama inayoiwasha mashine kabla ya Windows, huwa imewekwa pamoja na draiva kana kwamba ni kitu kimoja. Iache. Sasisho la BIOS halichanganywi na utafutaji wa kosa jingine, na kama diski imefungwa kwa BitLocker, ulinzi wa Windows unaosimba diski, kulifanya bila kusimamisha ulinzi kwanza kunaweza kukuacha mbele ya skrini inayodai ufunguo wa tarakimu 48.

Draiva ya I2C iliyoletwa na programu iliondolewa kwa jina lake la oem:

`pnputil /delete-driver oem57.inf /uninstall`

Neno `/uninstall` ni la lazima kwa draiva inayotumika. Usiongeze `/force` kwa haraka, kwa kuwa hung'oa hata pale Windows inapokuonya. Kisha kifurushi kizima cha Serial IO kikasakinishwa, Restart, tachipadi ikaamka. Ukirudi kwenye Device Manager, I2C na GPIO zilisoma toleo moja.

Sauti: kwa nini jaribio la kwanza lilishindikana

Hapa ndipo mafundi wengi hupoteza saa nzima.

Chipu ya sauti ilionekana kuwa sawa, bila alama ya njano, bila msimbo wa kosa. Hedifoni zilitoa sauti. Spika hazikutoa. Hali hiyo peke yake ni dalili nzuri: chipu inafanya kazi, draiva inazungumza nayo, kilichopotea ni maelezo ya namna laptopu hii ilivyounganisha spika zake.

Fungua Properties za kifaa, kichupo cha Details, chagua Hardware Ids. Mstari wa kwanza ulisomeka hivi: `INTELAUDIO\FUNC_01&VEN_10EC&DEV_0256&SUBSYS_` ukifuatiwa na tarakimu nane. VEN_10EC ni Realtek. DEV_0256 ni chipu ya ALC256. Sehemu mbili hizi zinaweza kufanana kabisa kwenye laptopu za kampuni tofauti. SUBSYS ndiyo inayotofautisha: tarakimu zake nane hutaja nani ametengeneza laptopu na ni modeli ipi. Programu ya mbofyo mmoja ilikuwa imelinganisha VEN na DEV, ikaona inatosha, ikaleta draiva ya ALC256 iliyoandaliwa kwa laptopu nyingine.

Jaribio la kwanza la kurekebisha lilifanyika kwa njia iliyozoeleka. Kifurushi cha mtengenezaji kilifunguliwa kwa 7-Zip, kisha kwenye Device Manager ikafuatwa Update driver, Browse my computer, Let me pick from a list, Have Disk, na kuelekezwa kwenye faili ya .inf ya Realtek. Windows ikasema imefaulu. Spika zikabaki kimya.

Sababu ni muundo wa draiva za siku hizi. Kifurushi cha sauti hakina .inf moja. Kuna .inf ya msingi, ambayo ni ya Realtek na hufanana kwa kila mtu. Kuna ya ziada, inayotoka kwa mtengenezaji wa laptopu na kubeba mipangilio ya pini, amplifaya na spika. Na kuna ya tatu inayoleta programu ya kurekebisha sauti. Have Disk huweka ile moja tu uliyoielekeza. Ile ya ziada utaitambua ukiifungua kwa Notepad: juu kabisa imeandikwa `Class = Extension`, na ClassGuid yake huanza na e2f84ce7. Chini yake ndimo utaikuta SUBSYS ileile ya kifaa chako. Kama haimo, umechukua kifurushi cha modeli nyingine na hakuna amri itakayokuokoa.

Jaribio la pili lilianza kwa kuondoa draiva ya msingi iliyoletwa na programu, kwa kutumia jina lake la oem, kisha likaingiza folda nzima:

`pnputil /add-driver C:\sauti\*.inf /subdirs /install`

Alama ya nyota na `/subdirs` huifanya amri ichukue kila .inf iliyomo, hata zilizo kwenye folda za ndani. Baada ya Restart spika zikalia. Kwa mashine ambazo kitambulisho cha sauti huanza na INTELAUDIO, kama hii, kifurushi cha Intel Smart Sound hutangulia na Realtek hufuata, kwa sababu chipu ya Realtek inaonekana kwa Windows kupitia kidhibiti hicho cha Intel. Ukivigeuza, Realtek huenda isionekane kabisa na ukaanza kutafuta kosa lisilokuwepo. Kwenye kisa hiki Smart Sound haikuguswa usiku ule, hivyo ilitosha kuhakikisha ipo.

Skrini ya bluu wakati wa kulala

DRIVER_POWER_STATE_FAILURE ina namba 0x9F. Windows inapotaka kulala hutuma agizo kwa kila draiva ipunguze umeme wa kifaa chake, na inasubiri jibu. Draiva isiyojibu hadi muda uishe huiangusha mashine yote. Ndiyo maana kosa halionekani papo hapo: ukifunga kifuniko na kukifungua baada ya nusu dakika, utasema imepona.

Rekodi ya anguko hukaa `C:\Windows\Minidump`. Ilifunguliwa kwa WinDbg, programu ya kuchambua rekodi hizo, ambayo hupatikana bure Microsoft Store, na kuandikiwa `!analyze -v`. Kigezo cha kwanza kilikuwa 3, yaani kifaa kimeshikilia agizo la umeme kwa muda mrefu mno, na mstari wa IMAGE_NAME ulitaja Netwtw10.sys, faili ya draiva ya Wi-Fi ya Intel.

Jina kwenye rekodi bado si hukumu. Draiva inayotajwa inaweza kuwa ilikuwa inamsubiri mwingine. Ukajaribiwa mtihani rahisi: Wi-Fi ikazimwa kwa Disable device, laptopu ikalazwa dakika 30, ikaamka salama. Ikawashwa, ikalazwa tena, ikaanguka. Mara ya pili matokeo yakawa yaleyale. Hapo ndipo draiva ya Wi-Fi iliguswa.

Kitambulisho kilikuwa `PCI\VEN_8086&DEV_A0F0&SUBSYS_00748086`. Tarakimu nne za mwisho, 8086, ni za Intel yenyewe, tofauti na sauti ambayo ilitaja mtengenezaji wa laptopu. Hii inaleta tofauti ya kiutendaji. Wi-Fi na Bluetooth za Intel, pamoja na kadi za michoro za Intel, NVIDIA na AMD, kwa kawaida unaweza kuzichukua moja kwa moja kwa mtengenezaji wa chipu. Sauti, Serial IO, tachipadi na vitufe maalumu vya kibodi zichukue kwa mtengenezaji wa laptopu, hata kama toleo lake linaonekana nyuma.

Kwa kuwa Roll Back Driver ilikuwa hai kwenye Wi-Fi, ilitumika hiyo. Bluetooth haikuwa imebadilishwa, ikaachwa. Kabla ya kubonyeza, kifurushi cha Wi-Fi kutoka Intel kilikuwa tayari kimepakuliwa kwenye diski, kwa sababu kama urejeshaji ungeshindikana, mashine isingekuwa na mtandao wa kupakulia draiva ya mtandao. Laptopu ikalazwa mara tatu, dakika 30 kila mara, ikaamka zote. Siku tatu baadaye `perfmon /rel`, inayochora historia ya makosa siku kwa siku, ilikuwa haina alama mpya nyekundu.

Kuzuia kurudi

Windows Update nayo huleta draiva, na inaweza kuona kwamba iliyorudishwa ni ya nyuma. Kwenye Windows 11 Pro kuna sera ya kukataa draiva ndani ya masasisho. Kwenye Home thamani hiyohiyo huandikwa kwenye rejista, hazina ya mipangilio ya Windows, chini ya `HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate`, DWORD yenye jina `ExcludeWUDriversInQualityUpdate` na thamani 1. Iliwekwa kwa wiki mbili, kisha ikafutwa, maana kuiacha milele huzuia pia draiva zinazoziba matundu ya usalama. Draiva zilizo chini ya Optional updates haziingii zenyewe. Zimewekwa kwa ajili ya mtu mwenye tatizo linalotajwa humo, na asiye na tatizo azipite.

Ulinzi wa mfumo ukawashwa kwenye diski C ukipewa asilimia 5 ya nafasi, ikatengenezwa sehemu moja ya kurejesha, na nakala mpya ya draiva zote, safari hii zikiwa nzima, ikahamishiwa kwenye fleshi kwa amri ileile ya `/export-driver`. Folda ya kwanza, yenye draiva za usiku ule, ikafutwa ili siku moja mtu asije akazichanganya.